Naumia kwa ndani kwenye tendo la ndoa, nimetibiwa UTI na PID hadi nimechoka

Minza_K

Habari zenu mama zangu, dada zangu, na kaka zangu mnaopita humu. Naomba mnisikilize. Mwenye la kubeza apite tu, maana nimefika mahali nalia jikoni peke yangu.

Nina miaka 27, nimeolewa, naishi Dar huku Chanika. Asubuhi nashona, jioni nauza chipsi. Shida yangu ni maumivu kwenye tendo la ndoa. Nilipoolewa nilidhani ni ugeni, nikajipa moyo yataisha. Hayakuisha, yameongezeka. Pale mlangoni siumii. Hamu ninayo, ute unakuja kama kawaida, na mume wangu ana subira, hana pupa. Ila akifika ndani nasikia kama kuna kidonda kinakwanguliwa, halafu maumivu yanateremka chini ya kitovu na kukaa hapo hadi kesho yake. Nikijifuta naona damu. Si nyingi, ni michirizi kwenye kitambaa. Kuna miezi damu hiyo inatoka hata kama hatujakutana na siku zangu bado. Uchafu unatoka wa njano, hauna harufu ya kutisha, na kuna kuwashwa kunakokuja na kuondoka.

Hospitali nimekwenda. Kila ninapokwenda napimwa mkojo, naambiwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Baadaye ikawa UTI sugu, kisha ikawa PID, yaani maambukizi ya kizazi na mirija. Nimemeza metro na doksi, zile dawa za bakteria, nimechomwa sindano za masaa, nimewekewa vidonge vya fangasi vya ukeni. Mume wangu naye amemeza dozi zake bila kubisha. Tumepima virusi vya Ukimwi wote wawili, hatuna. Kaswende hatuna. Nimepiga altrasaundi, nikaambiwa kizazi hakina uvimbe na vifuko vya mayai viko sawa. Kila dozi inanipa nafuu kidogo, kisha mambo yanarudi palepale.

Kituo cha mwisho nilichokwenda, kijana aliyenihudumia aliniuliza mlango ukiwa wazi, watu wako kwenye benchi wanasikia: "Una uhakika mumeo ametulia? Au wewe ndiye hujatulia?" Nilinyanyuka nikaondoka na karatasi yangu mkononi, dawa sikuchukua.

Wifi yangu anasema ni chango la uzazi. Alinichemshia mizizi, nikanywa mpaka nikaharisha. Shoga yangu wa saluni kaniletea shabu nijisafishie, anadai uke umelegea. Hiyo sijaigusa, roho imekataa.

Mtoto tunatafuta, hajapatikana. Mume hajanisema vibaya hata siku moja, lakini siku hizi hanigusi kabisa, anaogopa kuniumiza. Na mimi naogopa kuwa huku kutonigusa mwisho wake ni kutonitaka. Naombeni mnisaidie: kuna ugonjwa gani mwingine unaomuumiza mwanamke hivi, mbali na haya niliyotibiwa? Nimwone daktari gani, na nimwambie nini ili asinirudishie karatasi ileile ya UTI?

Mama Tunu

Pole sana mdogo wangu. Kwanza nikuambie hauko peke yako, tunanyamaza tu. Mimi niliwekwa ndani na somo yangu kabla ya kuolewa, nikafundishwa mengi mazuri, lakini hili la maumivu nilifundishwa neno moja: vumilia. Nikavumilia hadi nikaanza kumchukia mwanaume wa watu ambaye hakuwa na kosa.

Langu lilikuwa tofauti na lako. Lilianza baada ya kujifungua Tunu. Nilichanika, nikashonwa, mshono ukapona lakini ukaacha sehemu moja ngumu pale mlangoni. Zaidi ya hapo nilikuwa mkavu, mkavu hasa, na nampenda mume wangu. Nikadhani mapenzi yamekufa. Nesi wa kliniki ya watoto ndiye aliyenieleza kuwa mama anayenyonyesha homoni zake zinashuka, na ukeni kunakauka hata kama moyo unataka. Akaniambia nitumie mafuta ya nazi safi, tusikimbizane, na ile sehemu ya mshono niwe naikanda taratibu kwa kidole chenye mafuta. Akanionya jambo moja: kama mnatumia kondomu, mafuta yoyote yanaulegeza mpira wake na kupasuka ni rahisi. Sisi hatukuwa tunatumia. Nilipomwachisha Tunu ziwa mambo yalirudi yenyewe.

Hiyo shabu itupe chooni leo leo. Najua huku kwetu Pwani wanawake wanajikausha kwa shabu, kwa majani, kwa maji ya ndimu, ili mume asifu. Kinachotokea ni ngozi ya ndani kuchubuka. Ukishaingia kwenye tendo na michubuko, maumivu unayatengeneza mwenyewe, na maradhi yanapata pa kupenyea.

Ila wewe unasema mlangoni huumii na ute upo. Basi lako si langu. Ngoja waje wanaojua zaidi.

Fundi Seremala

Dada Minza, mimi ni mwanaume na sitaki kujifanya najua. Niseme nililojifunza kwa mke wangu: mara nyingi wanaume tunaharakisha, mwili wa mwanamke haujawa tayari, ndipo anaumia. Muda wa kutosha na kubadili mkao vilitusaidia. Mwanamke akiwa juu anajua mwenyewe aishie wapi. Mwambie mumeo asikae mbali nawe kwa woga, kukumbatiana hakuna maumivu. Mengine nawaachia wataalamu.

Mkunga Kanda ya Ziwa

Minza mwanangu, nimekuwa mkunga miaka mingi, sehemu kubwa hospitali za wilaya kule Shinyanga na Mwanza. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Umeeleza vizuri kuliko wengi wanaokaa mbele yangu, na kuna jambo umelitaja bila kujua uzito wake. Nitalifikia.

Fundi kasema kweli kwa wale ambao mwili haukuandaliwa, lakini Minza amesema hamu na ute vipo. Mama Tunu naye kasema kweli kwa wanaonyonyesha, na niongeze waliokoma hedhi, maana homoni ileile inashuka na ukavu unakuwa wa kudumu mpaka utibiwe. Akina mama wa miaka 50 na kitu wanakuja wameshalala chumba cha peke yao na kumwachia Mungu. Dawa ya kupaka ya homoni ipo, waulizeni madaktari.

Mwanamke akiniambia anaumia, kwanza namuuliza anaumia wapi. Maumivu ya mlangoni yana ukoo wake: ukavu, fangasi, mshono, malengelenge, makovu ya ukeketaji, na misuli inayojikaza yenyewe. Maumivu ya ndani yana ukoo mwingine: PID, uvimbe, endometriosisi ambapo nyama inayofanana na ya ndani ya kizazi inaota nje ya kizazi. Hii endometriosisi wanayo takriban 10 katika kila wanawake 100 wa umri wa kuzaa, na wengi hukaa miaka bila kujulikana kwa sababu picha ya kawaida huweza kutoonyesha kitu. Dalili yake kubwa ni hedhi yenye maumivu ya kukuangusha. Wewe hukuitaja hedhi.

Ulichokitaja ni kuwa unatokwa damu ukiguswa ndani, na hakuna mahali umesema mtu alikupandisha kitandani akafungua na kutazama mlango wa kizazi, yaani shingo ya kizazi, kwa macho. Mkojo umepimwa, damu imepimwa, picha imepigwa, dozi zimetolewa. Hakuna aliyetazama. Mwanamke anayetoka damu baada ya tendo lazima atazamwe, hilo halina mjadala. Tanzania saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake, na damu ya namna hiyo ni moja ya dalili zake. Sisemi unayo, kwa umri wako uwezekano ni mdogo. Nasema kipimo chake ni cha dakika chache: mtoa huduma anapaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi na kutazama kama kuna sehemu inageuka nyeupe. Vituo vingi vya afya vinakifanya.

Sasa nijibu haya, hata kama hayaonekani kuhusika. Jina lako la Kisukuma, je, ulizaliwa huko? Ulikulia kijiji gani cha namna gani, chenye mto, lambo, majaruba ya mpunga? Mlioga na kufua wapi? Na ulipokuwa mtoto uliwahi kukojoa mkojo mwekundu?

Minza_K

Shikamoo mama. Umenishtua, maana sijawahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote.

Ndiyo, nimezaliwa Maswa. Kwetu tulikuwa na lambo, ng'ombe wanakunywa humo, na sisi tunachota, tunafua, tunaoga humohumo. Bomba lilikuja nikiwa nimeshaondoka. Mpunga nimeulima tangu nina akili. Wakati wa kupanda tulikuwa tunashinda kwenye majaruba, maji yamefika magotini, tangu asubuhi hadi jua linapozama. Jioni miguu inawasha, bibi anatupaka mafuta ya ng'ombe.

Mkojo mwekundu, kaka zangu wote walikojoa. Walikuwa wanashindana nani mkojo wake mwekundu zaidi, wanasema ameshakuwa mwanaume. Mimi nakumbuka kuumia nikimaliza kukojoa na tone la mwisho lina rangi. Mama alisema ni joto.

Shuleni walikuja watu wa afya, wakatusimamisha kwenye fimbo yenye alama kupima urefu, kisha unapewa vidonge kulingana na alama yako. Mimi nilipata mwaka mmoja tu. Baada ya hapo nilipelekwa kwa shangazi mjini Shinyanga kulea watoto wake, shule ikawa basi, na likizo nilikuwa narudi nyumbani kulima.

Hedhi yangu ina maumivu ya kawaida, siyo ya kuangusha. Kukeketwa sijakeketwa, kwetu hakuna mila hiyo. Na ni kweli mama, hakuna aliyewahi kunitazama ndani. Sasa lambo na tendo la ndoa vinahusiana vipi?

Mkunga Kanda ya Ziwa

Marahaba mwanangu. Vinahusiana sana.

Kichocho unakijua. Kinatoka kwa konokono wadogo wa majini. Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwenye konokono, vinakua humo, vinatoka vikiogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Hapana haja ya kunywa maji hayo, kusimama humo kunatosha. Kule kuwashwa miguu baada ya kupanda mpunga ndiko huenda kulikuwa kuingia kwao. Ndani ya mwili wanakuwa minyoo wanaoishi kwenye mishipa ya damu, na hawa wa kichocho cha mkojo wanapenda mishipa ya huku chini, kuzunguka kibofu. Mnyoo mmoja anaweza kuishi miaka kadhaa, jike anataga kila siku.

Mayai yale yana mwiba kwenye ncha. Mengine yanapasua njia na kutoka na mkojo, ndiyo ile damu. Mengine yananasa kwenye nyama. Kwa mwanamume tunasema kibofu na kuishia hapo. Kwa mwanamke mishipa ya kibofu na mishipa ya uke na mlango wa kizazi inaungana, kwa hiyo mayai yananasa na huko. Mwili unapambana nayo, panavimba, panatengeneza mabaka ya njano yenye chembechembe kama mchanga, na vijishipa vya damu vinavyopasuka kwa kuguswa tu. Mwanamke anaumia kwenye tendo, anatoka damu, anatoka uchafu, anawashwa. Wengine hawashiki mimba, wengine mimba inatunga nje ya kizazi kwa sababu mirija nayo imeguswa. Ndicho kichocho cha via vya uzazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake na wasichana wanaoishi nacho Afrika wanaweza kufika milioni 56. Na katika nchi za Afrika, sisi Tanzania ndio tunaoifuata Nigeria kwa wingi wa kichocho.

Unaona sasa kwa nini ulipewa dawa za PID? Dalili zinafanana, na wengi wetu tulisoma kichocho kwenye somo la minyoo, tukasoma uke kwenye somo la uzazi, hakuna aliyetuunganishia. Dawa za bakteria hazimuui mnyoo. Ile nafuu ndogo uliyopata huenda ni bakteria wa juu ya vidonda waliokufa, vidonda vyenyewe vikabaki.

Kuna jambo linaniuma sana katika kazi hii. Nimeona wasichana wa miaka 16, hawajamjua mwanaume, wanaulizwa wamelala na nani kwa sababu wanatoka uchafu. Nimeona ndoa zinavunjika, mume anaamini mke kamletea gonjwa. Kichocho hakiambukizwi kwa tendo la ndoa hata kidogo. Huyo kijana aliyekuuliza kuhusu kutulia angekuuliza ulikuwa unaoga wapi ukiwa mtoto angekuwa amefanya kazi yake. Mwonyeshe mumeo maneno haya ayasome mwenyewe.

Sijakuona, kwa hiyo siwezi kusema unacho. Inawezekana ni kingine, au vyote viwili. Fanya hivi. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, kliniki ya magonjwa ya wanawake. Andika kwenye karatasi, maana ukifika mbele ya daktari ujasiri unapotea: natoka damu baada ya tendo, naumia ndani, nimekulia kwenye majaruba Maswa, nilikojoa damu utotoni, nimeshatibiwa PID bila kupona, naomba kutazamwa mlango wa kizazi na kupimwa saratani na kichocho. Mpe asome. Mkojo wa kutafuta mayai ni vizuri uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai hutoka kwa wingi muda huo. Na mkojo usipoonyesha yai usikubali kufungiwa mjadala. Mayai yaliyonasa kwenye mlango wa kizazi hayana habari na mkojo, mwanamke anaweza kuwa na mabaka na mkojo wake ni safi.

Dawa ni prazikwanteli, vidonge vilevile vya fimbo ya shuleni. Dozi ni kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, kwa hiyo mwanamke wa kilo 60 anameza vidonge 4 vya miligramu 600 kwa siku moja. Kula kwanza, maana kichefuchefu na kizunguzungu vipo. Sitakudanganya: inaua minyoo, haifuti makovu. Anayetibiwa mapema anapona vizuri zaidi. Aliyekaa nacho miaka, huenda ile damu ya ukeni na uchafu vikapungua, maumivu yakachukua muda. Lakini mnyoo akifa hakuna mayai mapya.

Zuhura Mzizima

Mama mkunga, samahani naingilia. Mimi nimezaliwa Dar, lambo silijui. Nina mwaka wa pili kwenye ndoa na haijawahi kuwezekana kabisa. Mume akikaribia tu, mapaja yanabana na pale mlangoni panafunga kama ukuta. Hata kipimo daktari alishindwa. Watu wanasema nina jini mahaba. Kuna dawa?

Mkunga Kanda ya Ziwa

Zuhura, pole mwanangu. Huo ni mkazo wa misuli inayozunguka mlango wa uke. Inajifunga yenyewe kwa hofu ya kuumia, wewe huiamrishi, na wala hukatai mumeo. Wengine ilianza baada ya kuumizwa au kulazimishwa, wengine kwa vitisho vya usiku wa kwanza, wengine haijulikani chanzo. Daktari atazame kwanza kama hakuna kizuizi cha kimaumbile, na mwambie asitumie nguvu.

Msijaribu kuingiliana kwa sasa, kila jaribio la maumivu linaifundisha misuli kufunga zaidi. Jifunze kwanza kubana na kuachia misuli ile unayozuilia mkojo, halafu uvute pumzi ndefu ukiachia. Baada ya hapo ncha ya kidole chako mwenyewe, chenye mafuta, unaishia pale unapoanza kuogopa. Baada ya muda kidole kizima, baada ya muda viwili. Hospitali kubwa zina wataalamu wa mazoezi ya viungo na washauri wa saikolojia, waombe hao. Mafuta ya nazi yanatosha kama hamtumii kondomu. Vilainishi vya dukani serikali ilivipiga marufuku mwaka 2016, usishangae famasi wakikukatalia. Huyo jini muacheni. Wanawake wengi hufunguka, ila kwa mwendo wao.

Mama Tunu

Minza, usitusahau. Ukitoka hospitali utuambie.

Minza_K

Shikamoo mama mkunga, na asanteni wote. Nimerudi.

Nilimsomea mume wangu maneno yako yote. Yeye ni mtu wa Rufiji, naye kalima mpunga. Alikaa kimya, kisha akaniuliza kama na yeye apime. Tulikwenda wote.

Daktari alikuwa mwanamke. Nilimpa karatasi, akaisoma, akavuta kiti akaniuliza zaidi kuhusu lambo. Alisema amewahi kuwaona wachache wa namna yangu, wengi wametoka bara. Kupimwa kuliuma kidogo, alitumia kifaa kidogo cha kufungulia uke na alikuwa ananieleza kila anachofanya. Akaona mabaka, ya njano, yana chembechembe, na palipoguswa na pamba pakatoa damu. Siki alipaka, hakuona pa kutia shaka ya saratani, amesema nirudi kupima tena kwa utaratibu wao. Mkojo wangu haukuwa na yai hata moja, kama ulivyosema. Wa mume wangu haukuwa nayo pia, ila wote tumepewa prazikwanteli. Mimi nilizungukwa na kichwa jioni nzima, asubuhi nikaamka vizuri.

Hali yangu sasa: ile damu ya katikati ya mwezi imekata. Uchafu umepungua. Kuumia bado, tulijaribu kwa ule mkao aliousema kaka Fundi na nikamwambia aishie nje nje, maumivu yalikuwa madogo kuliko zamani. Daktari ananitaka baada ya miezi kadhaa aangalie tena, na suala la mtoto amesema tutalizungumza hapo, mirija nitapimwa. Kuhusu mtoto bado nina hofu, sitaficha. Lakini mume wangu amerudi kulala upande wangu.

Nina swali la mwisho mama. Nina mdogo wangu yuko Maswa, ana miaka 19, ana mtoto anayenyonya na anaanza kupanda mpunga msimu huu. Nimempigia simu nikamuuliza, akacheka kwa aibu, kisha akasema na yeye anawashwa na anaumia. Anaweza kumeza dawa hizi akiwa ananyonyesha? Na zahanati ya kijijini watampa?

Mkunga Kanda ya Ziwa

Marahaba. Nimefurahi kusikia mlikwenda wawili.

Mdogo wako anaweza kumeza, anyonyeshe tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unaruhusu wanaonyonyesha, na hata wajawazito waliovuka miezi 3 ya mwanzo. Wengi bado wanadhani dawa hii ni ya wanafunzi tu, kwa hiyo zahanati wakimwambia asubiri dawa zigawiwe shuleni, aende kituo cha afya au hospitali ya wilaya na aseme ana dalili, siyo kwamba anataka kinga. Na atazamwe mlango wa kizazi kama wewe.

Jarubani ataingia, najua, watakula nini asipopanda? Akipata buti za mpira avae, zinapunguza. Maji ya kuoga na kumwogeshea mtoto ayachote jioni ayafunike, ayatumie kesho kutwa yake, vijidudu vile bila ngozi ya mtu havimalizi siku mbili. Asichote pamoja na konokono. Mtoto asimbebe kwenda kumwosha lamboni. Na kwa kuwa atarudi majini kila msimu, dozi moja haitamlinda milele, arudi kupimwa msimu ukiisha. Mpigie leo, kabla miche haijang'olewa kitaluni.